Kurasa Zilizopigwa Bandi

Chumba chetu cha ushonaji kiko chini kabisa ya jengo la hospitali, mlango wa pili baada ya chumba cha kufulia, na kina kanuni moja ambayo haijabandikwa ukutani. Baada ya chakula cha mchana cherehani zote huzimwa, kwa sababu wodi iliyo juu yetu ni ya watoto na huo ndio muda wao wa kulala. Saa hiyo tunafanya kazi za mkono: vifungo, pindo, viraka vya mashuka. Mmoja wetu hashoni. Yeye husoma kitabu kwa sauti, na vifungo vyake tunagawana sisi wengine bila kununa, kwa kuwa kusoma nako kwetu ni kazi.

Msomaji wetu alikuwa Dada Mkubwa. Niliambiwa hivyo siku yangu ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kiko wapi.

"Yule mwenye miwani ndiye Dada Mkubwa, anatusomea. Yule pale dirishani ni Dada Mdogo. Ni ndugu, tumbo moja. Hawasemeshani. Ukitumwa neno peleka tu, usiulize."

Aliyekuwa akinielekeza ni Mama Pacha, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, na aliyasema hayo kama mtu anayekuonyesha swichi ya taa ilipo. Mimi nikauliza. Hiyo ndiyo tabia yangu, na dawa yake sijaipata. Wenzangu walinipa jina la Mgeni, likanigandia hadi leo, ingawa nimeshashona mashuka ya kutosha kuufunika mji.

Kutumwa nilitumwa mchana huohuo. "Mgeni, mwambie mwenzako aniazime mkasi mkubwa," Dada Mkubwa alisema, macho kwenye kitambaa chake. Huyo mwenzangu alikuwa ameketi karibu kiasi kwamba angeweza kumkanyaga mguu. "Mwambie uko chini ya kiwiko chake," Dada Mdogo akajibu, naye macho kwenye kitambaa chake. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikarudia maneno ambayo kila mtu alikwisha kuyasikia. Ajabu ni kwamba hakuna aliyecheka.

Kisa chao nilikipata kwa vipandevipande, kwa kumsumbua Mama Pacha. Mama yao alikuwa mshonaji, na ndiye aliyewashikisha sindano wote wawili. Alipoanguka kitandani kwa ugonjwa wake wa mwisho, Dada Mkubwa alihamia kwake akamuuguza, akamlisha, akamgeuza, akamsomea. Kila mlango ulipolia, mama aliuliza, "Mdogo amekuja?" Mdogo alikuwa akifanya kazi mji mwingine, wala si mbali kiasi cha kushindwa kufika. Hakuja. Alikuja baada ya maziko. Dada yake akamfungulia mlango, akamwonyesha kiti, na tangu hapo hakumwambia neno tena. Miaka ikapita. Kisha hospitali aliyokuwa akifanyia kazi Mdogo ikafungwa, wafanyakazi wakatawanywa huku na huku, naye akaletwa kwenye chumba chetu, meza moja na dada yake.

"Na hawajawahi kugombana humu ndani?" niliuliza.

"Wagombane vipi na hawasemeshani?" Mama Pacha akasema. "Kugombana kunataka maelewano."

Lakini nataka kusimulia habari za Dada Mkubwa kama nilivyomjua, maana ugomvi ni kipande tu cha mtu. Alikuwa mrefu, mkavu, miwani yake imeshikizwa mkono mmoja kwa uzi wa viatu. Shule aliiacha mapema kwa sababu mama yake alihitaji mikono ya kumsaidia. Macho ya mama yalipochoka kwa kutunga uzi, binti akawa anamsomea jioni: Biblia kwanza, halafu gazeti la zamani lililofungiwa kitu, halafu riwaya yoyote iliyopatikana. Huko ndiko alikojifunza kusoma kwa sauti isiyochosha. Aliolewa na dereva wa gari la wagonjwa, akazaa, akafiwa na mume, akalea, na katika yote hayo hakuwahi kulala bila kusoma walau ukurasa mmoja.

Vitabu vyake vilitoka wodini, vile ambavyo wagonjwa huviacha wakiruhusiwa. Kitabu kikivunjika mgongo, wauguzi hukitupa. Yeye alikiokota, akakishona upya, akakivika jalada la kitambaa cha mapazia. Kwa hiyo maktaba yetu nzima, kama naruhusiwa kuiita hivyo, ilikuwa ya kijani chenye mistari. Alipenda zaidi vitabu vya kale vya nchi za mbali, vilivyotafsiriwa enzi hizo kwa Kiswahili kizito cha "akanena" na "la hasha." Alivisoma kwanza nyumbani, ili maneno magumu yasije yakamwangusha mbele ya watu.

Na kila alipofika mwisho wa kipande cha siku, alikifunga kitabu akiacha kidole ndani, akatutazama juu ya miwani na kuuliza, "Haya. Bwana yuko wapi hapa?"

Msidhani alikuwa akihubiri. Aliuliza kama mtu aliyedondosha sindano sakafuni, anajua ipo, na anaomba mwenye macho mazuri amsaidie. Tuliwahi kusoma habari za mwanamke aliyelazimishwa kufua nguo za jeshi lililochoma kijiji chake. Mama Pacha akasema Bwana yuko kwenye yale maji. Mzee Pasi, mpiga pasi wetu, akasema yuko kwenye mikono ya yule mwanamke. Dada Mkubwa akafikiri kidogo. "Mimi namwona kwenye madoa," akasema. "Yanafika mahali ambapo mtu safi asingependa kufika." Tukarudi kwenye cherehani, na mimi nikashona mikono miwili upande mmoja wa gauni kwa kuwaza madoa.

Hata nje ya vitabu alikuwa hivyohivyo. Shuka likija limechanika, akishalitia kiraka alilinyoosha kwenye mwanga, akapapasa pale palipochanika na kusema, "Ona, sasa hapa ndipo penye nguvu kuliko kwingine kote." Ukimtazama usoni ulijua mawazo yamekwisha kufika msalabani. Chai ikimwagika alikuwa na la kusema. Umeme ukikatika alikuwa na la kusema. Mzee Pasi alimpachika jina la Mwinjilisti wa Vifungo, na yeye mwenyewe alilicheka.

Mimi kanisani naenda, lakini jambo hili lilinikera kichwani kwa uzuri wake. Yule mwandishi wa kale, aliyekufa zamani katika nchi ya baridi, alijua kwamba amemficha Yesu ndani ya beseni la kufulia? Au ni huyu dada yetu anayemjaza humo mwenyewe, kama pamba kwenye mto? Siku moja nilimuuliza bila kuzunguka.

"Dada, huwa unamkuta, au unamweka?"

Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la shuka la hospitali. "Sijui, Mgeni. Ukimtambua mtu kwa nyuma, katikati ya umati, kwa mwendo wake tu, umemkuta au umemweka?"

"Wakati mwingine unakosea. Unamgusa bega, kumbe siye."

"Basi unaomba radhi," akasema, "halafu unaendelea kutafuta."

Mtu mmoja tu hakuwahi kulijibu lile swali la kila siku. Dada Mdogo alishona kimya pale dirishani, kichwa kimeinama. Alikuwa mdogo kwa jina tu, mvi zimemjaa. Alisikiliza, hilo niliona, kwa sababu penye jambo zito sindano yake ilisimama. Ila neno halikumtoka.

Halafu kulikuwa na chai. Kila asubuhi Dada Mkubwa alikuja na chupa kubwa ya chai ya maziwa kutoka nyumbani kwake. Kikombe cha kwanza, kabla ya chake na cha mtu mwingine yeyote, alikipeleka mwenyewe hadi dirishani, akakiweka kwenye kona ya cherehani ya mdogo wake, bila neno. Sisi wote tulimstahi kwa hilo. Msimamizi wetu, mwanamke mgumu asiyesifu kitu, aliwahi kusema hata yeye asingeweza. Na Dada Mdogo hakuigusa chai ile hata siku moja. Ilikaa pale ikapoa, ikafanya utando juu, hadi Mama Pacha alipoiondoa akinong'ona, "Mtu ana roho ngumu huyu, jamani." Nami nilikubaliana naye.

Ila asubuhi moja ya mvua niliwahi kazini nikawakuta wawili hao peke yao, kila mmoja mahali pake. Chupa ilikuwa mezani imefungwa, vikombe vimefunikwa kitambaa. Nikaenda stoo kutafuta jora la kitambaa cheupe. Msimamizi akaingia, Mama Pacha akaingia akikung'uta mwavuli, Mzee Pasi akaingia. Ndipo Dada Mkubwa alipoinuka, akafungua chupa, akamimina kile kikombe cha kwanza na kukipeleka dirishani. Niliona jambo hilo nikaliacha lipite, na mimi si mtu wa kuacha mambo yapite.

Mwaka huo Dada Mdogo alikuwa anastaafu. Siku yake ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na Jumamosi mwanawe wa kiume angekuja kumchukua akaishi naye mbali sana, safari ya kulala njiani. Umri wao sote tuliujua. Wakiachana Ijumaa hiyo bila neno, wangeonana tena kwenye msiba, na mmoja wao ndiye angekuwa amelala. Chumba kizima kilikuwa na kiwewe. Mama Pacha alijaribu utani, Msimamizi alijaribu kuwapanga wakunje mashuka pamoja, yale makubwa yanayotaka watu wawili. Wakayakunja, wakakutana katikati pembe kwa pembe, wakapokezana, wakaachana tena bila neno.

"Hivi kweli wataagana kwa kumtuma Mgeni?" Mzee Pasi akaniuliza.

Kitabu tulichokuwa tukisoma wiki hiyo kilikuja bila jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Tulikiita Mwokaji. Kilisimulia habari za ndugu wawili waoka mikate katika mji wa baridi. Mdogo akaondoka na kundi la wacheza sarakasi. Mkubwa akabaki na mama na tanuri, na kila alfajiri aliweka mkate mmoja wa moto dirishani, nje, ili ndugu yake akirudi na njaa aukute. Mji mzima ukamsifu. Dada Mkubwa alipouliza Bwana yuko wapi, tulijibu kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza: "Kwenye mkate!"

"Leo hata mimi nimempata," Mzee Pasi akajisifu.

"Kwenye mkate, ndiyo," Dada Mkubwa akasema upesi, akafunga kitabu. Hakuongeza lake. Hilo lilikuwa geni, maana huwa ana lake.

Alhamisi akaja hana sauti kabisa. Mafua yalikuwa yamemkausha koo, hata "habari za asubuhi" alituambia kwa mkono. Saa ya kusoma ilipofika, Mama Pacha hakuwa na miwani, na Msimamizi husoma kama anatangaza ajali. Basi Dada Mkubwa akanipa mimi kitabu, akaniwekea kidole mahali pa kuanzia.

Hapa lazima nieleze jambo la kazi yetu. Kabla nguo haijapitishwa cherehani, tunaipiga bandi, yaani mishono mirefu ya uzi mweupe ya kushikilia kwa muda. Nguo ikikamilika, bandi haina kazi tena, na lazima awepo wa kuitoa. Katika chumba chetu kazi hiyo ni ya aliyeajiriwa mwisho. Kwa hiyo ni yangu. Nimefumua bandi nyingi kiasi kwamba vidole vyangu haviniombi tena ruhusa.

Nikasoma ukurasa wa kwanza vizuri tu. Nikafunua. Kurasa mbili zilizofuata zilikuwa zimeshonwa pamoja pembeni, bandi nzuri, uzi mweupe. Kiwembe kilikuwa mfukoni mwa aproni. Nikakata fundo, nikavuta, uzi ukatoka mzima ukaanguka sakafuni. Vitabu vyake vyote vilikuwa na mishono hapa na pale, na mimi nilidhani ukurasa ulichanika akaushikiza. Nikaendelea kusoma.

"Na asubuhi ile mwokaji akautwaa mkate, akaenda nao dirishani. Lakini kabla hajauweka akatazama barabarani, aone kama yuko mtu apitaye. Hapakuwa na mtu. Naye akasimama na mkate mkononi, akangoja."

Dada Mkubwa akagonga meza. Kwetu kugonga meza maana yake ni pandisha sauti, kwa sababu pasi ya Mzee Pasi ni ya mvuke na inapiga kelele. Nikapandisha sauti.

"Akangoja hata akapita muuza maziwa, ndipo akauweka. Muuza maziwa akanena, 'Hakika wewe u ndugu mwema.' Na mwokaji akajiona, kama mtu ajionaye katika kioo asichokitazamia."

Akagonga tena. Safari hii akasimama kabisa, mikono inapunga hewani. Nikadhani anataka nisome kwa hisia, kama afanyavyo yeye. Nikatia hisia.

"Akajua ya kuwa mkate ule haujapata kuwa wa ndugu yake hata siku moja. Ulikuwa wa majirani. Na akajua ya kuwa ndugu yake angalirudi leo, yeye angalihuzunika, kwa kuwa pasingalikuwa na sababu ya kuuweka tena."

Hapo nikainua macho, nikitegemea pengine hata sifa kidogo. Hakuna aliyekuwa akishona. Mzee Pasi alikuwa ameiinua pasi juu ya shuka na kuishikilia hewani. Mama Pacha alikuwa akitazama kona ya cherehani ya dirishani, na mimi nikatazama alikotazama. Kikombe cha asubuhi kilikuwa pale bado, kimejaa, na utando wake juu. Nikaikumbuka ile asubuhi ya mvua, chupa iliyofungwa, watu wakiingia mmoja mmoja. Nikaelewa kwa nini kurasa zilishonwa, na nani alizishona, na mimi nimefanya nini.

Dada Mkubwa alikuwa amesimama vilevile, hana sauti ya kujitetea.

"Leo hamuulizi?" Sauti ilitoka dirishani. Tulikuwa hatujawahi kuisikia saa ile. "Bwana yuko wapi hapo?"

Mzee Pasi akaishusha pasi polepole.

"Basi nitasema mimi." Dada Mdogo alikuwa akitazama kifungo chake. "Watu wanampenda sana yule kijana wa kwenye Injili aliyerudi kwao amechakaa, baba akamkimbilia. Mimi mwenyewe nilimpenda, kwa sababu zangu. Lakini mnasahau kwamba ngoma ilipoanza kulia, kaka yake alibaki nje amekasirika. Na baba akaiacha sherehe, akawaacha wageni wake wanakula, akatoka nje tena. Alimfuata huyo." Akakata uzi kwa meno, jambo ambalo Msimamizi amelikataza mara nyingi. "Alitoka kwa ajili ya wote wawili. Kwa hiyo mimi nasema Bwana yuko barabarani, hapo nje ya dirisha la mwokaji. Amesimama na yule mwenye mkate."

Hakumtazama dada yake. Ila hakusema "mwambieni." Dada Mkubwa akachukua leso yake akatoka, na hatukumwona mpaka cherehani zilipowashwa.

Jioni watu walipokuwa wakivua aproni nilimfuata. Nilikuwa nimeomba radhi tayari mara nyingi kiasi cha kuchosha, nikaomba tena. Yeye aliinama, akaokota ule uzi mweupe sakafuni, akauzungusha kwenye kidole chake polepole kana kwamba bado una kazi.

"Nilidhani uzi ungetosha," akanong'ona. Koo lilikuwa linakwaruza. "Mtu yeyote mwingine angezipita zile kurasa."

"Mimi nimeshazoea kufumua, Dada."

"Najua. Ndiyo kazi yako." Akatazama uzi. "Nilipoisoma nyumbani sikulala. Nikatafuta kitu cha kuzifungia. Gundi nilikuwa nayo, Mgeni, ninayogundishia majalada. Ilikuwa hapohapo mezani. Mkono ukachukua sindano, ukapiga bandi."

Mshonaji hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Bandi hakuna anayeipiga akitaka idumu. Nikaenda nyumbani nikilifikiria lile swali langu la zamani, kama yeye humkuta Bwana vitabuni au humweka. Nilikuwa nimeliuliza upande mmoja tu. Kumbe kitabu nacho kilikuwa kimemkuta yeye, na alijua.

Ijumaa niliwahi kazini kwa makusudi. Najua si adabu. Nilijiambia naenda kupanga majora stooni, na kweli nilikuwa na jora moja mkononi kama ushahidi. Stoo yetu haina mlango, ina pazia tu. Dada Mdogo alikuwa amekwisha kufika, huwa wa kwanza siku zote. Alikuwa akiifuta cherehani yake kwa kitambaa na mafuta, kama mtu anayemwogesha mtoto kabla ya kumkabidhi kwa mwingine.

Dada Mkubwa akaingia. Hakuvua hata koti. Akafungua chupa, akamimina kikombe. Akaenda dirishani. Safari hii hakukiweka. Akasimama nacho.

"Mdogo wangu," akasema kwa ile sauti iliyobaki.

Mdogo akaacha kufuta.

"Mama alipokuwa akikuulizia, nilikuwa namjibu, 'Hajaja, Mama, niliyepo ni mimi.' Nilikuwa napenda kumjibu hivyo. Kila mara nilipenda. Nimekukasirikia miaka yote kwa sababu hukuja. Juzi nimejua kwamba ungekuja ningekasirika zaidi. Na chai hii nilikuwa nakuwekea ili wenzetu waione. Nisamehe."

"Nilijua, Dada," Mdogo akasema taratibu. "Ya chai nilijua."

"Ulijua?"

"Ukifika tuko wawili, humimini." Kisha uso wake ukakunjamana. "Mimi niliogopa. Niliogopa kumwona Mama hanijui. Nilikuwa nafika stendi, nakata tiketi, halafu narudi nyumbani. Sina sababu nyingine nzuri ya kukupa, nimeitafuta sana sijaipata. Na wewe nisamehe."

Wakatazamana. Mimi nilikuwa nimelikumbatia jora langu kwa nguvu zote, machozi yananidondokea kwenye kitambaa safi cha hospitali.

"Basi pokea," Dada Mkubwa akasema, "inapoa."

Mdogo akakitazama kikombe. Hakukipokea.

"Dada," akasema, "maziwa yalinikataa tangu nilipojifungua mwanangu. Nikinywa hata kidogo, tumbo halinipi nafasi."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote hii."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningekuambiaje? Nimtume Mgeni?"

Dada Mkubwa alianza kucheka, koo bovu, kicheko kinatoka kama cherehani isiyotiwa mafuta. Mdogo naye akashikwa. Wakacheka hadi wakashikana mabega, na hapo katikati kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kicheko tena. Na sisi chumba kizima tulikuwa tumekaa miaka tukisema mtu ana roho ngumu, wala hakuna aliyewahi kumuuliza kama anakunywa maziwa.

Dada Mkubwa akaimwaga ile chai kwenye sinki. Akalichukua birika la umeme la Mzee Pasi, akachemsha maji, akatafuta majani kwenye kabati, akakiosha kikombe, akamimina upya.

"Sukari?" akauliza.

"Kijiko kimoja."

Akakoroga, akavuta kigoda, akaketi pale dirishani. Korido ilikuwa bado kimya, hakuna aliyekuwa akija. Mdogo akakishika kikombe kwa mikono miwili, akainywa yote, ikiwa bado ya moto.